Hoverspeed: Tathmini ya Kampuni Iliyouza Dakika Baharini

Hoverspeed, kampuni iliyovusha abiria na magari kati ya Uingereza na Ufaransa, ilifunga safari zake Novemba 2005, kwa hiyo tathmini hii haitamsaidia mtu kuamua kama akate tiketi au la. Hata hivyo, huduma za usafiri wa majini zinazojinadi kwa kasi bado ni nyingi, na kila mpya inapozinduliwa hupambwa kwa maneno yale yale yaliyotumika kati ya Dover na Calais kwa zaidi ya miaka thelathini. Kampuni hii ilipata muda wa kutosha wa kupimwa. Ilirithi hovakrafti (vyombo vinavyoelea juu ya hewa) kubwa kuliko zote zilizowahi kubeba abiria na magari kibiashara, ikaleta katamarani (boti yenye viwiliwili viwili) iliyovunja rekodi ya kuvuka Bahari ya Atlantiki, kisha ikafa. Naipima hapa kama inavyopimwa huduma yoyote: ilimpa abiria nini kwa nauli yake, na ilimnyima nini.

Hukumu yangu naiweka mapema ili msomaji ailinganishe na yatakayofuata. Kilichoifanya Hoverspeed istahili nauli yake kilikuwa namna ilivyompokea na kumwachia abiria pale ufukweni, zaidi ya mbio zake majini. Ilipoachana na hovakrafti na kutegemea katamarani, ilibaki na kasi katika matangazo lakini ikapoteza ule wepesi wa nchi kavu, na tangu hapo ikawa inauza kitu ambacho wengine walikitoa kwa bei nafuu zaidi au kwa uhakika zaidi.

Chanzo cha yote ni Christopher Cockerell, mhandisi Mwingereza ambaye katikati ya miaka ya 1950 alichukua makopo mawili ya bati, akaliweka moja ndani ya jingine, akapuliza hewa kupitia mwanya uliobaki pembeni, na kwa kutumia mizani ya jikoni akaonyesha kwamba hewa inayoshuka kwa umbo la pete husukuma kwa nguvu kubwa kuliko hewa ile ile ikipulizwa kwenye bomba wazi. Chombo cha kwanza kikubwa cha majaribio, SR.N1, kilijengwa na kampuni ya Saunders-Roe katika Kisiwa cha Wight. Tarehe 25 Julai 1959 kilivuka kutoka Calais hadi Dover, miaka 50 kamili tangu Louis Blériot avuke bahari hiyo kwa ndege. Safari ilichukua zaidi ya saa mbili, na Cockerell mwenyewe alikuwemo, uzito wake ukitumika kukisawazisha chombo. Kasoro ya SR.N1 ilikuwa kuelea kwa kimo kidogo mno, kiasi kwamba wimbi la kawaida lilitosha kuikwaza. Dawa ya kasoro hiyo ilikuwa sketi ya mpira iliyozungushwa chini ya chombo ili kuizuia hewa isitoroke, wazo la mhandisi Cecil Latimer-Needham. Bila sketi hiyo, hovakrafti ingebaki kuwa maonyesho ya kisayansi.

Biashara ilianzishwa na kampuni mbili zilizoshindana, ambazo baadaye ziliungana kuwa Hoverspeed. Seaspeed ilikuwa mali ya shirika la reli la Uingereza, British Rail, na Agosti 1968 iliingiza kazini hovakrafti ya kwanza ya aina ya SR.N4, iliyopewa jina la The Princess Margaret, kati ya Dover na Boulogne. Hoverlloyd ilianzishwa na kampuni za meli za Uswidi, na mwaka 1969 ikafungua kituo chake Pegwell Bay, karibu na Ramsgate, kwa safari za dakika 40 kwenda Calais. Kwa maoni yangu Hoverlloyd ndiyo iliyoielewa biashara hiyo mapema zaidi. Ilijenga kituo chake mahali ambapo hakuna meli ya kawaida ingeweza kufika, kwenye ghuba ya maji machache inayobaki tope maji yanapokupwa, kwa kuwa ilifahamu kwamba chombo chake hakikuhitaji kina. Pale ambapo manahodha wa meli huzunguka mbali kwa kuogopa mafungu ya mchanga ya Goodwin, yaliyomeza meli nyingi katika historia, hovakrafti iliweza kukatiza juu yake.

SR.N4 zilijengwa sita tu. Kila moja ilikuwa na injini nne za Rolls-Royce Proteus, za jamii ile ile iliyorusha ndege za abiria za Bristol Britannia, na kila injini iliendesha feni ya kujaza hewa chini ya chombo pamoja na pangaboi kubwa lililowekwa juu ya mnara unaoweza kugeuzwa. Nahodha alielekeza chombo kwa kugeuza minara hiyo na kubadili pembe ya mapanga, kwa kuwa chini hakukuwa na kitu kilichogusa maji kwa uthabiti. Toleo la kwanza lilibeba abiria 254 na magari 30. Katika nusu ya pili ya miaka ya 1970, Seaspeed ilizikata katikati hovakrafti zake mbili, The Princess Margaret na The Princess Anne, ikaziongezea kipande cha takriban mita 17, na hapo zikafikia urefu wa mita 56, nafasi ya abiria 418 na magari 60. Bahari ikiwa tulivu zilipita kilomita 110 kwa saa. Tarehe 14 Septemba 1995, The Princess Anne ilivuka kutoka Dover hadi Calais kwa dakika 22, na hakuna chombo cha biashara cha majini kilichopunguza muda huo hadi leo.

Rekodi hiyo hutajwa kila mahali, lakini mimi ningemshauri anayetaka kuelewa ubora wa huduma aangalie kilichotokea pale Dover baada ya chombo kutoka majini. Hovakrafti haikufunga gati. Ilipanda moja kwa moja juu ya uwanja wa zege uliojengwa kwa mteremko hadi baharini, ikirusha wingu la maji na mchanga pande zote, ikageuka polepole hadi kukaa mahali pake, kisha injini zikapunguzwa, hewa ikatoka, na ile sketi kubwa nyeusi ikajikunja chini hadi chombo kizima kikalala juu ya zege. Mlango wa mbele ulishushwa na magari yakaanza kutoka papo hapo, huku mengine yakisubiri kuingia kwa upande wa nyuma, bila dereva kulazimika kurudi kinyumenyume. Hapakuwa na kamba za kufunga, wala kusubiri maji yajae au yapwe, wala daraja la kurekebishwa kwa kimo cha bahari. Chombo kiliweza kupakua, kupakia na kuondoka tena chini ya nusu saa. Mwenye gari aliyefika Dover akiwa na tiketi mkononi aliweza kuwa kwenye barabara za Ufaransa wakati abiria wa meli ya kawaida bado yuko katikati ya bahari akipanga foleni ya chai.

Ndani ya chombo, mambo hayakuwa mazuri kwa kiwango hicho. Kampuni ilipenda kujifananisha na shirika la ndege: safari iliitwa ruka, wahudumu walivaa sare za kupendeza, na abiria alihudumiwa akiwa kitini, ikiwa ni pamoja na kuuziwa pombe, sigara na manukato yasiyotozwa ushuru. Wahudumu hao nawapa alama za juu, kwa sababu walikuwa na takriban nusu saa ya kuwauzia abiria zaidi ya mia nne huku sakafu ikitikisika, na bado kumbukumbu za wasafiri wengi zinawasifu kwa ucheshi. Lakini abiria hakuwa na sitaha ya kutokea nje kupunga upepo. Madirisha yalifunikwa na maji ya chumvi muda wote, hivyo aliyelipa nauli akitarajia kuona miamba myeupe ya Dover mara nyingi aliona ukungu mweupe tu. Kelele za injini nne na mapangaboi manne zilikuwa kubwa mno, hasa kwa walioketi karibu nazo. Bahari ilipochafuka kidogo, mwendo ulikuwa kama wa basi linalokimbia kwenye barabara ya vumbi iliyojaa mashimo. Watu wenye matumbo imara walilifurahia jambo hilo, na wengine waliomba mifuko ya kutapikia kabla ya kufika katikati.

Kuhusu uhakika wa safari, huduma haikustahili sifa kubwa. Upepo mkali na mawimbi makubwa vilisimamisha ruka wakati meli za kawaida zikiendelea na kazi, na hali hiyo ilitokea zaidi katika majira ya baridi, yaani kipindi ambacho msafiri huhitaji zaidi kupunguziwa muda wa kukaa baharini. Sketi nazo zilichakaa upesi. Vipande vya chini vya mpira, vinavyopigwa na maji kila sekunde, vilihitaji kubadilishwa mara kwa mara, na kazi hiyo iliyofanywa usiku na mafundi waliojiinamisha chini ya chombo ilikuwa mojawapo ya gharama ambazo abiria hakuziona lakini alizilipia.

Ajali mbaya zaidi ilitokea tarehe 30 Machi 1985. The Princess Margaret ilipokuwa ikiingia Dover katika upepo mkali, iligonga ukuta wa kuzuia mawimbi na ubavu wake ukachanika. Watu wanne walipoteza maisha. Nalitaja jambo hili katika tathmini kwa sababu linahusiana na umbile lenyewe la chombo. Kitu kinachoelea juu ya hewa husukumwa na upepo wa ubavuni kwa urahisi, na mlango wa bandari uliojengwa kwa ajili ya meli huacha nafasi ndogo ya kosa. Baada ya hapo chombo kilitengenezwa na kurudi kazini, kikahudumu kwa miaka 15 zaidi.

Kabla ya ajali hiyo, umiliki ulikuwa umekwisha kubadilika. Seaspeed na Hoverlloyd, zikiwa zote zinaelemewa na gharama, ziliungana mwaka 1981 na kuwa Hoverspeed. Kituo cha Pegwell Bay kilifungwa mwaka 1982 na shughuli zote zikahamia Dover, uamuzi unaoeleweka kihesabu ingawa ulifuta kituo kilichokuwa bora kwa kazi hiyo. Wafaransa nao walijaribu: hovakrafti yao ya N500 Naviplane, iliyotumiwa na shirika la reli la Ufaransa kwenye njia hiyo hiyo, ilisumbuliwa na hitilafu, ikaondolewa mwaka 1983 na kukatwakatwa mwaka 1985. Mwaka 1984 Hoverspeed iliuzwa kwa mameneja wake kwa bei ya pauni 1, bei inayoeleza vizuri kuliko ripoti yoyote ya fedha jinsi wamiliki walivyotamani kuutua mzigo. Miaka miwili baadaye ilinunuliwa na Sea Containers, kampuni ya James Sherwood, Mmarekani aliyekuwa tayari amefufua treni ya kifahari ya Venice Simplon-Orient-Express.

Sherwood aliona kwamba SR.N4 zinazeeka, kwamba hakuna kiwanda kinachojenga nyingine, na kwamba vipuri vya injini za Proteus vingezidi kuadimika. Akageukia Hobart, Tasmania, ambako kampuni ya Incat ya Robert Clifford ilikuwa ikijenga katamarani za alumini zenye viwiliwili viwili vyembamba vinavyopasua mawimbi badala ya kupanda juu yake. Ya kwanza, Hoverspeed Great Britain, yenye urefu wa mita 74, ilipitishwa New York wakati ikielekea Uingereza ili ijaribu rekodi. Juni 1990 ilivuka Atlantiki kwa siku 3, saa 7 na dakika 54, kwa wastani wa takriban kilomita 68 kwa saa, na kuipokonya meli ya SS United States kombe la Hales, linalotolewa kwa chombo cha abiria kinachovuka Atlantiki kwa kasi zaidi, ililokuwa ikilishikilia tangu 1952. Wapo walionung'unika kwamba boti ya kubeba magari, isiyo na abiria hata mmoja wa kulipa, haikustahili kuwekwa katika orodha moja na majumba yale yanayoelea ya zamani. Mimi nadhani kombe hilo hutolewa kwa mwendo, na mwendo waliuonyesha. Kama tangazo la biashara, lilikuwa la kiwango cha juu kabisa.

Tatizo ni kwamba abiria wa Dover hakuwa akivuka Atlantiki. Katika njia ya takriban kilomita 40, tofauti ya mwendo huyeyuka haraka. Katamarani, iliyoitwa SeaCat kibiashara, ilianza kati ya Portsmouth na Cherbourg kisha ikahamishiwa njia fupi, na hapo ilitumia takriban dakika 50 pale ambapo hovakrafti ilitumia 35. Juu ya hizo 50, ilikuwa meli kama meli nyingine: ililazimika kuingia bandarini kwa mwendo wa pole, kugeuka, kufunga kamba na kusubiri daraja la magari. Ukijumlisha muda tangu gari linapoingia foleni upande mmoja hadi linapogusa barabara upande wa pili, faida yake juu ya meli kubwa za saa moja na robo hadi saa moja na nusu ilikuwa ndogo kuliko ilivyosomeka kwenye vipeperushi. Kwa upande wa starehe iliizidi hovakrafti, nakiri: kulikuwa na baa, duka la kutembelea na nafasi ya kunyoosha miguu. Lakini bahari ilipochafuka, viwiliwili vile viwili viliupa mwendo wake mzunguko mfupi na wa ghafla ambao tumbo haliuzoei, na wasafiri wakaibandika katamarani jina la kejeli la kimondo cha matapishi. Jina la namna hiyo likishakwama, hakuna idara ya masoko inayoweza kulifuta.

Kampuni ilikusudia katamarani zichukue kabisa nafasi ya hovakrafti mwanzoni mwa miaka ya 1990. Ikajikuta inazibakiza The Princess Margaret na The Princess Anne kwa karibu muongo mmoja zaidi. Kwangu huo ndio ushahidi mkubwa kuliko wote kwamba wateja wa njia fupi walikuwa wanajua walichokuwa wakikilipia.

Kisha ikaja njia ya reli chini ya bahari, iliyozinduliwa tarehe 6 Mei 1994. Treni za kubeba magari kati ya Folkestone upande wa Uingereza na Coquelles upande wa Ufaransa zilitumia dakika 35, yaani muda ule ule wa hovakrafti, bila upepo, bila chumvi madirishani na bila mfuko wa kutapikia. Kwa robo karne Hoverspeed ilikuwa jibu pekee kwa mtu mwenye gari na haraka, na sasa palikuwa na jibu lisilojali hali ya hewa. Kampuni za meli kubwa zilikuwa na silaha nyingine, ukubwa: P&O na Stena Line ziliunganisha shughuli zao za Dover na Calais mwaka 1998, zikashusha bei na kumpa msafiri mgahawa na duka kubwa. Pigo la mwisho lilikuja mwishoni mwa Juni 1999, uuzaji wa bidhaa zisizotozwa ushuru ulipokomeshwa kwa safari za ndani ya Umoja wa Ulaya. Faida ya chupa na sigara ilikuwa imefidia kwa miaka mingi nauli ambayo peke yake haikulipia mafuta. Ilipoondoka, kila dakika iliyookolewa baharini ililazimika kulipwa na abiria mwenyewe, na wengi wakaonyesha kwamba hawakuwa tayari.

Hovakrafti mbili za mwisho ziliacha kazi tarehe 1 Oktoba 2000. Katamarani ziliendelea, zikijaribu njia kama Dover hadi Ostend nchini Ubelgiji na Newhaven hadi Dieppe, lakini safari zilizidi kuwa za msimu na mabango yalizidi kuzungumzia punguzo badala ya dakika. Mwaka 2004 ilitokea SpeedFerries, kampuni ndogo iliyotumia katamarani moja ya Incat kati ya Dover na Boulogne kwa nauli za chini sana, na Hoverspeed ikajikuta inashindwa kwa bei na chombo cha aina ile ile iliyoileta yenyewe kwenye bahari hiyo. Mwaka uliofuata ikafunga. SpeedFerries nayo haikuvuka mwaka 2008.

Kwa jumla ya alama, hovakrafti naipa nne kati ya tano kwa siku ya bahari tulivu na mbili kwa siku ya upepo, na katamarani naipa mbili na nusu katika hali zote mbili. Anayetaka kuona chombo chenyewe anaweza kwenda kwenye jumba la makumbusho ya hovakrafti huko Lee-on-the-Solent, ambako The Princess Anne imehifadhiwa baada ya kampeni ya umma ya mwaka 2016. Mwenzake The Princess Margaret alivunjwa mwaka 2018. Anayetaka kusafiri atalazimika kwenda Southsea, ambako kampuni ya Hovertravel, inayofanya kazi tangu 1965, huvuka hadi Ryde katika Kisiwa cha Wight kwa dakika 10 hivi, ikipanda ufukweni pande zote mbili kwa mtindo ule ule. Gari litabaki nyuma, kwa kuwa vyombo vyake ni vya abiria pekee, na siku ya upepo mkali ni vyema kuulizia kwanza kama safari zipo.